Mwanafunzi wa Uuguzi Thieta: Afundishwe, Asitishwe

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za malaria, kuharisha kwa watoto, lishe ya mama mjamzito na mengine ambayo kila nyumba inayafahamu. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tuwapeleke mahali ambapo wengi wenu hamjapaona mkiwa macho, yaani chumba cha operesheni, au thieta kama tunavyopaita sisi tunaofanya kazi humo.

Tunafanya hivyo kwa sababu ya maswali mawili tunayoulizwa mara kwa mara. La kwanza ni la mzazi mwenye mtoto katika chuo cha uuguzi. Anatujia baada ya Misa au anatungoja mlangoni pa wodi, anasema: "Sista, binti yangu tangu apelekwe thieta kwa mazoezi hali wala halali vizuri. Anasema heri arudi nyumbani kulima. Je, kazi hii haimfai?" Swali la pili ni la mgonjwa aliyeandikiwa operesheni ya ngiri, au la mama aliyeambiwa kwamba atajifungua kwa kupasuliwa: "Hawa watoto waliovaa sare za chuo, ndio watakaonipasua?"

Tuanze na la mgonjwa, maana jibu lake ni fupi. Hapana, mwanafunzi wa uuguzi hampasui mtu. Kisu hushikwa na daktari, au tabibu aliyesomea kazi hiyo na kuruhusiwa kuifanya. Dawa ya usingizi, ile ambayo wengi huiita nusu kaputi, hutolewa na mtu aliyeisomea. Mwanafunzi husimama karibu na muuguzi mwenye uzoefu. Humpokea mgonjwa mlangoni, humwuliza jina lake na operesheni aliyoijia, huhakikisha kwamba ametia sahihi na kwamba hajala, hufungua vifurushi vya vyombo, huhesabu vitambaa, na baada ya operesheni hukaa na mgonjwa mpaka azinduke. Mgonjwa anayo haki ya kuambiwa kwamba wanafunzi watakuwepo, na anayo haki ya kusema hapendi. Lakini ndugu yetu, kabla hujakataa, jiulize: muuguzi atakayesimama mezani siku mjukuu wako atakapoletwa usiku na kidole tumbo kilichopasuka, atakuwa amejifunzia wapi? Kazi hii haifundishwi na kitabu peke yake.

Swali la mzazi ndilo gumu, na kwalo tutakaa zaidi.

Mwanafunzi wa diploma hapa Tanzania husoma miaka mitatu, na wengi wao huingia chuoni wametoka kidato cha nne, yaani bado ni vijana wadogo. Katika miaka hiyo mitatu, siku za thieta ni chache ukilinganisha na za wodini. Hupelekwa kwa wiki kadhaa, kisha huondoka. Wodini alishazoea: wagonjwa wanamwita nesi, wanamsalimu, wanamshukuru akiwapa maji. Thieta hakuna wa kumshukuru. Mgonjwa amelala. Wote waliobaki wamefunikwa nyuso na vichwa, yanaonekana macho tu, naye hajui nani ni daktari na nani ni mfagiaji. Kila mahali anapotaka kusimama anasikia: "Wewe! Usipite hapo! Nani kakuruhusu?" Jina alilobatizwa linabaki mlangoni pamoja na viatu vyake, na kwa wiki zote hizo anaitwa "wewe mwanafunzi".

Jambo linalomshangaza kwanza ni usafi. Mama yake alimfundisha kufagia, kudeki na kufua, naye akadhani anajua usafi. Thieta anaambiwa kwamba kuna usafi wa nyumbani na kuna usafi wa thieta, na huu wa pili hauonekani kwa macho. Mkasi unaong'aa unaweza kuwa mchafu. Maji yanayochemka sufuriani huua vijidudu vingi, lakini mbegu za baadhi yao, kama wale waletao pepopunda, hustahimili mchemko huo. Ndiyo maana vyombo vya operesheni huingizwa katika mtungi wa mvuke wenye msukumo mkubwa, joto likafika nyuzi 121 au zaidi kwa muda uliopimwa. Vifurushi hufungwa kwa utepe wenye mistari ambayo hugeuka kuwa myeusi ikishapata joto hilo, na mwanafunzi hujifunza kuitazama kabla ya kufungua chochote. Akishanawa na kuvaa mipira ya mikono, mikono yake haishuki chini ya kiuno. Pua ikimwasha, itaendelea kumwasha. Na akigusa kwa bahati mbaya kitu ambacho hakijatakaswa, lazima aseme mwenyewe, "Nimegusa," avue mipira ile avae mingine, hata kama hakuna aliyemwona.

(Mipira hiyo, kwa taarifa yenu, iliingia thieta kwa ajili ya muuguzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 na 1890, huko Baltimore, Marekani, daktari William Halsted aliona mikono ya muuguzi wake mkuu wa thieta, Caroline Hampton, ikibabuka kwa dawa ya kuulia vijidudu, akaagiza atengenezewe mipira myembamba ya kuvaa. Mwaka huohuo wa 1890 akamwoa. Wanafunzi wetu huipenda sana habari hii, hasa sehemu yake ya mwisho.)

Turudi kwenye lile neno, "Nimegusa." Hilo ndilo somo kubwa la thieta, kuliko majina ya mikasi na koleo, maana usalama wa mgonjwa aliyelala unategemea watu walio macho kusema yale ambayo yeye hawezi kuyasema. Basi tunauliza: kijana ambaye tangu asubuhi amefokewa na kudhihakiwa, atapata wapi ulimi wa kusema "Nimegusa" mbele ya haohao waliomfokea? Maoni yetu, baada ya miaka mingi katika kazi hii, ni kwamba mwanafunzi anayewaogopa watu wa thieta kuliko anavyoogopa kumdhuru mgonjwa ni hatari, na hatari hiyo hakuileta yeye. Tumeitengeneza sisi wakubwa.

Chukueni mfano wa kuhesabu. Kabla ya kupasua, vitambaa vya gozi, sindano na vyombo vyote huhesabiwa na watu wawili kwa sauti, na hesabu huandikwa ubaoni. Kabla ya kufunga tumbo huhesabiwa tena, na ngozi inaposhonwa, tena. Kwa nini tabu yote hiyo? Kwa sababu kitambaa kikishalowa damu hufanana na nyama ya mwili, na kikisahaulika ndani hakionekani. Mgonjwa huenda nyumbani, na baada ya wiki au miezi hurudi na homa, uvimbe na maumivu yasiyoeleweka. Huku kwetu vijijini si ajabu akaambiwa amerogwa, familia ikamaliza mbuzi kwa waganga, kumbe ndani mna kitambaa. Dawa yake ni kufunguliwa mara ya pili.

Usiku mmoja, katika operesheni ya mama aliyeshindwa kujifungua, kazi ya ubao alipewa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mtoto alishatoka na analia vizuri, kila mtu amechoka, daktari anataka kufunga tumbo akapumzike. Mwanafunzi akahesabu, akasema kwa sauti ndogo: "Ni kumi na tisa." Ubaoni ilikuwa ishirini. Daktari akamwuliza kwa ukali kama shuleni hawakumfundisha kuhesabu. Binti yule akaviinua vile vitambaa kimoja kimoja mbele yetu, akasema tena: "Ni kumi na tisa, Dakta." Ikabidi sindano ya kushonea iwekwe chini. Tukatafuta tumboni, katika mikunjo ya mashuka, ndani ya ndoo. Baada ya dakika kama kumi kitambaa kilionekana, kimegandamana na soli ya kiatu cha mtoa dawa ya usingizi.

Wapo waliocheka, na wapo waliosema kwamba mwanafunzi ametuchelewesha bure. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mpaka kitambaa kile kilipoonekana, hakuna mtu chumbani mle aliyeweza kuapa kwamba hakimo ndani ya yule mama. Binti alifanya kazi yake sawasawa, na kuonekana kwake kiatuni au tumboni hakubadilishi neno. Tunachokumbuka zaidi ni ile mara ya pili aliyosema "kumi na tisa". Wangapi kati yetu, tukiwa na umri ule, baada ya kuulizwa swali lile, tungeirudia hesabu kwa sauti?

Si maneno yetu peke yetu haya. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya mambo 19 ya kuulizana thieta, katika hospitali nane za miji minane: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya Tanzania, katika hospitali ya misioni ya Mtakatifu Fransisko. Orodha ile inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Huulizwa kama huyu ndiye mgonjwa mwenyewe, kama sehemu ya kupasuliwa ndiyo hiyo, kama ana mzio wa dawa, kama hesabu ya vitambaa imetimia. Na katika hayo limo moja ambalo wengine waliliona la kitoto: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 walifariki 15; baada yake walifariki 8. Waliopata madhara makubwa walishuka kutoka 11 katika kila mia hadi 7.

Hata hivyo, karatasi peke yake haiponyi mtu. Mwaka 2014 ilitolewa taarifa ya hospitali 101 za jimbo la Ontario, Canada, ambako orodha hiyo iliingizwa kwa amri ya serikali, na vifo havikuonekana kupungua kwa kiasi cha kutajika. Sisi hatushangai sana. Kuweka alama ya vema kwenye karatasi ni jambo moja, na watu kusemezana kweli ni jambo jingine. Tumekwisha kuona sehemu ambako karatasi hujazwa yote asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaletwa.

Sasa, katika kutajana majina, mwanafunzi naye atajwe. Hili ndilo tunalolidai. Mara nyingi daktari anajitaja, mtoa usingizi anajitaja, wauguzi wanajitaja, halafu vijana wawili waliosimama ukutani wanarukwa kama mitungi ya oksijeni. Mtu asiye na jina chumbani hana sauti chumbani.

Kuna wenzetu wa rika letu wanaopinga. Husema: "Sisi tulifokewa, tulipigwa koleo kwenye vidole, na ndiyo maana tukaiva." Tunawaheshimu, lakini hesabu yao ina kasoro. Waliobaki ndio wanaosimulia. Wale walioacha, wakaenda kuuza duka au kuolewa mapema ili wasirudi chuoni, hawapo kwenye mkutano kutueleza habari zao. Na hata sisi tuliobaki, si kofi lililotufundisha. Alitufundisha yule muuguzi mzee mmoja ambaye kila mwenye diploma anamkumbuka wa kwake, aliyesema, "Njoo usimame hapa, tazama mkono wangu, kesho utafanya wewe."

Tusieleweke vibaya. Hatusemi thieta iwe mahali pa kubembelezana. Mshipa wa damu ukifunguka, daktari atapaza sauti, "Koleo!" na hana muda wa kusema tafadhali. Mwanafunzi mwenye akili hujua mara moja kwamba sauti ile ni ya kumwokoa mgonjwa. Lakini kumwita mtoto wa watu mjinga, kumcheka kabila lake au shule aliyotoka, kumtupia chombo, hayo hayamwokoi mgonjwa yeyote.

Hofu hii ina ubaya mwingine ambao wazazi wengi hawaujui, nao ni sindano. Katika kukusanya vyombo, mwanafunzi anaweza kujichoma kidole kwa sindano yenye damu ya mgonjwa. Inatokea, hata kwa wazoefu. Inapotokea, anatakiwa aoshe kidole kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikikamue wala asikinyonye, kisha aseme papo hapo. Hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa njia hiyo ni ndogo, kama watu 3 katika kila 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi, na dawa za kinga zipo. Lakini dawa hizo zina saa: zianze mapema, vizuri zaidi ndani ya saa chache, na zikipita saa 72 hazitegemewi tena. Humezwa kwa siku 28. Sasa fikirini kijana aliyechomwa saa nne asubuhi, akaogopa kusema kwa kuwa jana mwenzake aliyeangusha koleo alitukanwa mbele ya watu wote. Anafunga kidole kwa plasta, anavaa mpira juu yake, ananyamaza. Usiku analia bwenini. Siku ya nne anamweleza rafiki yake. Tumekutana na vijana wa namna hiyo, wameletwa kwetu wamechelewa, na hatuna neno la kumwambia mzazi wake.

Kuhusu kuzimia tutasema kidogo tu, maana ndiko watu wanakokuza mambo. Mwanafunzi akizimia siku ya kwanza haina maana kwamba kazi haimfai. Kusimama muda mrefu bila kukunja magoti, joto, barakoa usoni, harufu ya nyama inapochomwa na mashine ya umeme ya kuzuia damu, na tumbo tupu, vyote hivyo humwangusha mtu. Wavulana huzimia kama wasichana, na wale wenye miili mikubwa huanguka kwa kishindo zaidi. Anywe chai nzito na kitu cha kutafuna asubuhi, achezeshe vidole vya miguu akiwa amesimama, na akiona giza linamjia aseme na arudi nyuma aketi sakafuni, mbali na meza. Mara ya tatu atakuwa amezoea. Nanyi wazazi, msilifanye jambo hili kuwa kichekesho cha sebuleni kila mgeni akija.

Tukishasema ya wakubwa wa thieta, tuseme na ya vyuo. Siku hizi hospitali moja hupokea wanafunzi wa vyuo kadhaa kwa wakati mmoja. Tumeona operesheni ya ngiri yenye wanafunzi tisa chumbani, wanane wakitazama migongo ya wenzao. Hiyo si shule, na kwa mgonjwa ni hatari, maana kila mtu anayeingia na kila mlango unaofunguliwa huleta vumbi na vijidudu. Kila mwanafunzi ana kitabu chake cha mazoezi kinachotakiwa kujazwa sahihi: amenawa kwa operesheni mara kadhaa, amepanga meza mara kadhaa. Wiki ya mwisho ikifika na kitabu ni kitupu, huanza kubembeleza, na muuguzi aliyechoka hutia sahihi kwa huruma. Huruma hiyo ni ya uongo. Miezi michache baadaye kijana yuleyule atapangwa zamu ya usiku peke yake kwenye hospitali ya mbali, na meza ambayo kitabu kinasema ameipanga mara kumi hajaipanga hata mara moja. Tungependa wanafunzi wawili tu kwa kila meza, wengine wakae mapokezi, chumba cha vyombo na chumba cha kuzindukia, kisha wabadilishane.

Na hicho chumba cha kuzindukia kisidharauliwe. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Theluthi moja ya operesheni hizo zilikuwa za akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Katika wagonjwa waliofariki, zaidi ya 9 katika kila 10 walifariki baada ya siku ya operesheni kupita, yaani si mezani. Walifariki wakati ambapo kilichohitajika ni mtu wa kutazama: kupima presha, kuhesabu mapigo ya moyo, kufunua bandeji na kuona kama damu inavuja, kugundua homa, kumwita daktari kabla mambo hayajaharibika. Hiyo ni kazi ya muuguzi toka mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi aliyekaa saa mbili na mgonjwa mmoja anayezinduka, akamwandikia mapigo yake kila robo saa, na akajua kwa nini anaandika, amejifunza kitu kitakachookoa watu. Lakini wengi wao hukiona chumba kile kama adhabu, kwa sababu sisi wenyewe huwapeleka huko tunapotaka watuondokee.

Vivyo hivyo kudeki. Kuna mzazi alitulalamikia kwamba hakumlipia mtoto ada ili akapige deki. Tulimweleza kwamba kudeki thieta ni sehemu ya somo, na muuguzi asiyejua kuusafisha ukuta na taa ya thieta hajui atakachomwagiza mfagiaji. Ila mwanafunzi akimaliza wiki tatu hajawahi kufanya jingine ila kudeki na kusukuma machela, basi mzazi yule ana haki, na tunamwunga mkono. Hapo hospitali imepata kibarua wa bure, na chuo kimenyamaza.

Wanafunzi nao tuna neno nao. Kilichoonekana thieta kibaki thieta. Mgonjwa amelala hana nguo, hana sauti ya kujitetea, na huenda ni mama wa jumuiya yenu, mwalimu wenu au katekista wenu. Simu ibaki nje. Picha ya tumbo la mtu si kitu cha kurushiana na marafiki, hata kama uso hauonekani. Habari ya nani ametolewa nini isifike kwenye mazoezi ya kwaya. Mwanafunzi asiyeweza kufunga mdomo katika hili, huyo ndiye tunayemwambia wazi kwamba kazi haimfai.

Katika thieta yetu tumeanza jambo dogo. Kwa kuwa nyuso zimefunikwa, kila anayeingia, kuanzia daktari hadi mwanafunzi wa siku ya kwanza, huandika jina lake kwa kalamu nene kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu ya kofia. Daktari mmoja mgeni alituuliza kama tuko shule ya chekechea. Baada ya wiki mbili tukamsikia akisema, "Neema, hesabu imetimia?" Naye Neema akajibu. Ni plasta tu, hospitali yoyote ya misioni inaweza.

Kwenu wazazi mlio na watoto watakaokwenda mazoezi ya hospitali, waulizeni mapema kama wamechanjwa homa ya ini aina ya B. Virusi vyake huambukiza kwa sindano kwa urahisi kuliko vya UKIMWI: kwa asiyechanjwa, hatari yaweza kufika 30 katika kila mia. Vijana wengi hudhani walichanjwa utotoni, lakini kadi haipo. Kama kadi haipo, mpelekeni hospitali aanze upya. Ni sindano tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Akianza Januari, ya tatu ni Julai. Msingoje barua ya kumwita thieta.